Mbwa Mgeni Aitwe Nani? Majina ya Uskoti Katika Ua wa Dodoma

   Kama una mbwa uani, mazungumzo haya ni yako. Kama huna mbwa lakini jirani yako anaye, ni yako vilevile, na punde utaona kwa nini.

Leo tunazungumzia jina. Mbwa ameletwa nyumbani, bado mgeni, anajificha nyuma ya pipa la maji. Aitwe nani? Tena tuisogeze mada mbele kidogo: wenye nyumba wanataka jina la Kiskoti, jina la kutoka Uskoti, ile nchi iliyo kaskazini ya kisiwa kikuu cha Uingereza, yenye miji ya Edinburgh na Glasgow. Je, jina la huko litamfaa mbwa wa huku?

Wapo watakaouliza, Dodoma na Uskoti wapi na wapi? Huku mibuyu, mizabibu na vumbi la Oktoba. Kule mvua na ukungu. Subiri kidogo, msikilizaji. Waskoti walishapita hapa kwa miguu, na majina yao yamebaki porini mpaka leo. Tutafika huko.

Tuchukue mfano. Tuseme familia moja ya Ipagala imemchukua mtoto wa mbwa aliyetelekezwa karibu na soko. Ni dume, rangi ya mchanga, manyoya yamemsimama shingoni. Binti mkubwa yuko masomoni Glasgow, na kwenye simu ya jioni anapendekeza jina: Hamish. Anasema huko hakuna asiyelijua. Kaka yake anataka Angus. Mama anataka jina fupi lisilomchosha ulimi. Bibi, aliyekuja kuwatembelea kutoka Hombolo, anasikiliza wote, kisha anauliza swali moja tu: jioni mkisimama uani mkaita "Hamishi! Hamishi!", na mzee Hamisi wa nyumba ya pili akaitika, mtamwambia nini?

Bibi amegusa kiini cha jambo. Jina la mtu huandikwa, husomwa, hutajwa kwa staha. Jina la mbwa hupigiwa ukelele. Huitwa alfajiri mbwa anapobweka bila sababu, huitwa mchana anapofukuza kuku wa watu, huitwa usiku geti linapogongwa. Mtaa mzima hulisikia. Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza ni hili: jina hili likiitwa kwa sauti kubwa mtaani kwetu, masikio ya majirani yatasikia nini?

Tunajua sote uzito wa neno mbwa katika maneno yetu. Kumwita mtu mbwa ni tusi zito, watu wameshafikishana baraza la kata kwa hilo. Ndiyo maana kumpa mbwa jina la binadamu aliye jirani ni jambo linaloweza kuvunja ujirani wa miaka. Tena majina ya Kiskoti yana mtego wake hapa, kwa kuwa yakishapita katika kinywa cha Kiswahili hubadilika. Hamish anakuwa Hamishi, na hatua moja tu mbele yupo Hamisi. Bonnie, jina linalopendwa sana kwa mbwa jike kule Uskoti, hapa ni Boni, na akina Boni, yaani akina Bonifasi, wamejaa kila parokia ya kanda ya kati. Duncan na Fiona ni majina ya Kiskoti kabisa, lakini hapa Tanzania wamebatizwa nayo watu wazima wenye familia zao. Rory je? Mahali ambapo herufi r na l hubadilishana katika kinywa, Rory atasikika lori, na mtoto akipiga kelele "lori!" barabarani, watu watakimbia pembeni.

Kuna na Skye. Ni kisiwa kizuri cha magharibi ya Uskoti, na mbwa wengi duniani wamepewa jina hilo. Lakini sisi hatuna mazoea ya kuanza neno kwa s na k zilizobanana. Wengi wataingiza irabu katikati, na mbwa ataitwa Sikai. Mbwa aliyechukuliwa ili akae na watu, kila siku anaitwa kwa neno la kukataa kukaa. Jina hilo liachwe.

Msikilizaji, hili la kuangalia majirani lina historia ndefu hapa kwetu. Mwaka 1871 msafara wa Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald aliyekuwa akimtafuta David Livingstone, ulitoka Bagamoyo ukielekea Ugogo, huku kwetu. Stanley alikuwa na mbwa wa kulinda hema lake. Mbwa huyo aliitwa Omar.

Fikiri. Omar ni Umar, jina la khalifa wa pili wa Uislamu. Msafara ule ulikuwa na askari na wapagazi wengi wa Unguja na pwani, watu waliolelewa katika dini hiyo, ambao ndugu zao wenyewe waliitwa Omari. Kila siku njiani walisikia jina hilo likiitwa kwa mbwa. Walilisikiaje? Kwa mtu yeyote aliyekulia katika nchi hii, ambako Mwislamu na Mkristo wanachota maji bomba moja, jibu liko wazi. Halikuwa jina la kumpa mbwa, na mwenye msafara hakuwajali watu wake alipolitumia. Omar mwenyewe hakufika mbali. Aliugua tumbo akafa kabla ya kuingia Ugogo, na Stanley aliandika kwa masikitiko kwamba amempoteza mlinzi pale alipokuwa akimhitaji zaidi.

Mtego wa namna hiyo umejificha hata katika majina ya mbwa mashuhuri wa Uskoti. Sir Walter Scott, mwandishi mkubwa wa riwaya wa huko, alikuwa na mbwa aliyempenda sana, jina lake Maida. Katika mnara wa Scott uliopo Edinburgh, sanamu ya mwandishi imeketi na Maida yuko ubavuni pake. Jina lenyewe lilitokana na mji wa Italia ambako vita vilipiganwa mwaka 1806. Kwa kinywa chetu ni jina jepesi mno: Maida, irabu zote wazi. Lakini kwa Mwislamu, Al-Maida ni sura ya tano ya Kurani Tukufu. Huwezi kusimama getini Chang'ombe ukamwita mbwa kwa jina hilo. Kule Edinburgh halimgusi mtu, hapa linagusa.

Isidhaniwe kwamba dini haina nafasi ya mbwa mwenye jina. Katika Sura ya Al-Kahf anatajwa mbwa wa wale vijana wa pangoni, aliyejinyoosha mlangoni akilinda, na wafasiri wa zamani wamesimulia kwamba jina lake lilikuwa Kitmiri. Wazee wa pwani wanalijua.

Basi tumeona jambo la kwanza: masikio ya mtaa. Tuje sasa kwa Waskoti wenyewe waliopita hapa, maana tuliahidi.

Mwaka 1860 ukielekea 1861, James Augustus Grant, mzaliwa wa Nairn kaskazini ya Uskoti, alivuka Ugogo akiwa na John Hanning Speke katika safari ya kutafuta chanzo cha mto Nile. Miaka michache baadaye, mwaka 1872, wanasayansi walimpa swala mmoja wa mbuga zetu jina lake, naye ndiye swala granti. Swala mwingine, yule mdogo mwenye mstari mweusi ubavuni, ni swala tomi. Jina lake la kitaalamu la mwaka 1884 linatokana na Joseph Thomson, kijana wa kijiji cha Penpont, Uskoti, aliyevuka nchi ya Wamasai. Na digidigi, yule mdogo kabisa anayekatiza barabara vichakani jua likizama, kitaalamu anabeba jina la Sir John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar, aliyezaliwa katika jimbo la Angus, Uskoti.

Kwa hiyo, msikilizaji, majina ya Kiskoti yamekuwa yakikimbia kwa miguu minne katika nchi hii kwa zaidi ya miaka 140. Na angalia yalivyofanikiwa. Thomson hakubaki Thomson. Jina lilikatwa, likalainishwa, likapata irabu mwishoni: tomi. Mtoto wa darasa la tatu analitamka bila kujua kama kuna Mskoti ndani yake. Jina geni likifika hapo, limekwisha kuwa letu. Jambo hilo liweke akilini, tutalirudia.

Yupo pia Mskoti ambaye hakutoka kabisa katika mkoa wetu. William Farquhar, baharia kutoka bandari ya Leith, alikuwa msaidizi wa Stanley katika msafara ule wa mwaka 1871. Aliugua, miguu ikamvimba, akaachwa Mpwapwa chini ya uangalizi wa mtemi wa hapo, na hapo hapo akafariki. Stanley aliporudi mwaka uliofuata alilitafuta kaburi asilione. 

Stanley alirudi tena mwaka 1874, safari hii na mbwa watano kutoka Uingereza: Castor, Captain, Nero, Bull na Jack. Watatu kati yao walitoka katika nyumba ya Battersea, London, inayopokea mbwa waliopotea na waliotelekezwa. Yaani walikuwa mbwa wa kuchukuliwa, kama huyu wetu wa Ipagala. Joto la pwani lilimuua Castor siku za mwanzo tu. Bull, mbwa mfupi mwenye kifua kipana, ndiye aliyedumu kuliko wenzake wote. Alifika hadi nchi za maziwa makuu na akafa mwaka 1876. Yasikilize majina hayo tena: Bull, Jack, Nero. Mafupi, yanaitika kwa pumzi moja. Jack bado lipo mitaani kwetu, Jeki, na wanaolitumia hawaoni ugeni wowote.

Livingstone naye, Mskoti wa Blantyre, alikuwa na mbwa katika safari yake ya mwisho, mbwa mdogo wa manyoya ya kujisokota, jina lake Chitane. Hili si jina la Kiskoti. Aliandika kwamba Chitane aliusimamia msafara mzima: alikimbia mbele kumwona wa kwanza, akarudi nyuma kumbwekea wa mwisho asibaki. Januari 1867, katika nchi ambayo leo ni Zambia, msafara ulivuka bwawa lenye maji ya kiunoni. Kila mtu alishughulika na nafsi yake, hakuna aliyembeba Chitane, akaogelea mpaka nguvu zikamwishia. Livingstone alisikitika waziwazi katika shajara yake, na ndiyo maana jina la mbwa yule tunalijua leo.

Sasa, ukitaka kumjua mbwa mashuhuri kuliko wote wa Uskoti, hebu piga hodi nyumba kumi za mtaani kwako. Simba utamkuta. Popi utamkuta. Tomi, Chui, Taiga. Na karibu kila mara utamkuta Bobi.

Bobi! Katika mji wa Edinburgh, mji uleule ambako Mwalimu Nyerere alisoma chuo kikuu kuanzia mwaka 1949 hadi 1952, kuna sanamu ya mbwa mdogo juu ya nguzo, karibu na kanisa la Greyfriars. Jina lake ni Bobby. Inasimuliwa kwamba mwenye mbwa huyo alikuwa polisi wa usiku, John Gray, aliyefariki mwaka 1858 akazikwa katika uwanja wa kanisa hilo, na Bobby akashinda karibu na kaburi kwa miaka 14, hadi kifo chake mwaka 1872. Wapo wanahistoria waliohoji sehemu za simulizi hiyo. Lakini kuna kitu ambacho hakihojiwi, nacho ni mkanda wake wa shingoni. Mwaka 1867 mbwa wasio na leseni mjini Edinburgh walikuwa hatarini kuuawa. Bobby hakuwa na mwenyewe wa kumlipia. Meya wa mji, William Chambers, akalipa leseni na kumpa mkanda wenye kibati kilichoandikwa jina la mbwa na mwaka. Mkanda huo umehifadhiwa katika makumbusho ya Edinburgh hadi leo. Sanamu iliwekwa mwaka 1873.

Unaona? Jina ndilo lililomtenga Bobby na mbwa koko wengine. Mbwa asiye na jina alikuwa wa kuondolewa. Mwenye jina lililoandikwa alikuwa na watu wanaomjua. Na ni jina la kawaida kabisa, kifupi cha Robert, jina la wafalme na la washairi wa Uskoti. Kwa hiyo wewe mwenye Bobi hapo Makole au Miyuji, tayari una mbwa mwenye jina la Kiskoti. Hukuhitaji kitabu cha majina.

Tukitoka mjini Edinburgh tukaenda kwa wachungaji wa Uskoti, tunajifunza jambo kubwa zaidi, na hapa naomba wachungaji wetu wa Bahi na Chamwino wasogee karibu. Mchungaji wa Kiskoti hufanya kazi na mbwa kutwa nzima, mbwa anazungusha kondoo umbali wa mita mia kadhaa mlimani. Majina ya mbwa hao ni mafupi sana: Moss, Glen, Meg, Nell, Roy, Tweed. Silabi moja, basi. Katika mashindano ya mbwa wachungaji yaliyofanyika Bala, nchini Wales, mwaka 1873, mshindi alikuwa mchungaji Mskoti na mbwa wake akiitwa Tweed, jina la mto unaotiririka kusini ya Uskoti. Glen ni bonde. Moss ni mimea laini ya kwenye majimaji. Waliwaita baadhi ya mbwa wao kwa mito, mabonde na mimea waliyoiona kila siku.

Na walipochoka na mito walikwenda jikoni. Katika riwaya ya Scott ya mwaka 1815 iitwayo Guy Mannering yumo mkulima anayeitwa Dandie Dinmont, mfugaji wa mbwa wadogo wawindaji. Mbwa wake wote wana majina mawili tu, Pilipili na Haradali, wakitofautishwa kwa kuambiwa mzee, kijana na mdogo. Riwaya ilipendwa sana, hata aina hiyo ya mbwa ikaja kupewa jina la mkulima yule wa kubuni, na jina hilo ndilo rasmi mpaka leo.

Hapo ndipo mtu wa Dodoma anapopata fundisho lililo bora kuliko orodha yoyote ya majina. Waskoti hawakuazima majina ya mbali kwa mbwa wao wa kazi. Walitazama nyumbani kwao. Anayetaka kuwafuata kwa dhati na afanye vilevile. Mbwa mweusi anayeng'aa, mwite Zabibu, katika mkoa huu ambao mizabibu yake inajulikana Afrika Mashariki yote. Mbwa wa Kongwa mwenye rangi ya kahawia, mwite Karanga. Nchi ile iliwahi kulimiwa karanga na Waingereza kwa matrekta kati ya mwaka 1947 na 1951, mradi ukafa, jina limebaki. Ubuyu, Uwele, Pilipili. Majina hayo yana irabu za kutosha kusafiri kutoka uani hadi barabarani, na hayamtusi mtu yeyote.

Lakini kama moyo umeng'ang'ania jina la Uskoti lenyewe, yapo yanayofaa, na lililo bora kuliko yote, kwa kupima kwa kinywa na masikio ya huku, ni lile alilolitaja kaka wa yule binti wa Ipagala: Angus. Hapa litakuwa Angasi, silabi tatu zilizonyooka. Si rahisi kumkuta mzee Angasi mtaani. Ni jina la jimbo alikozaliwa Kirk wa digidigi, na ni jina la ng'ombe weusi wasio na pembe wanaofugwa kwa nyama duniani kote. Katika mkoa ambao ng'ombe ni heshima ya nyumba, jina hilo halitaonekana geni kwa muda mrefu. Kwa jike, Isla, linalotamkwa Aila, ni jina jepesi, ila mwenye kulichagua asitumie neno "lala" kumwamuru mbwa huyo; mwisho wa maneno hayo mawili unafanana, na mbwa mgeni atachanganyikiwa. Yupo pia Nevis, kwa jina la Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uingereza, wenye mita 1,345. Mji wa Dodoma wenyewe uko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Nevisi wa Dodoma hatakuwa mbali sana na kilele cha jina lake.

Basi jina limepatikana. Je, mbwa atalijuaje? Hili ni swali muhimu, hasa kwa mbwa mkubwa aliyekuwa na jina jingine kwa watu wengine, au ambaye maisha yake yote hajasikia ila "toka!" na "pita huko!"

Njia ni nyepesi. Mwite jina mara moja, kwa sauti ya furaha. Akigeuza kichwa tu, mpe kitu: kipande cha dagaa, tonge la ugali lenye mchuzi. Subiri kidogo, mwite tena. Fanya hivyo asubuhi na jioni, muda mfupi mfupi, watu wote wa nyumbani wakitamka jina lilelile kwa namna ileile. Hili la mwisho lirudiwe: watu wote, namna ileile. Baba akisema Angasi, mtoto akisema Gasi, shangazi akisema Angi, mbwa ana majina matatu, na hatalijua hata moja. Kama alikuwa na jina la zamani, yaunganishe kwa siku za mwanzo, la zamani kwanza na jipya likifuata, kisha la zamani lidondoke lenyewe.

Na lipo kosa linalofanywa katika nyumba nyingi: jina kutumika kama kiboko. Mbwa amekula kiatu, anaitwa kwa jina lake, anafika, anapigwa. Kesho akiitwa atakimbia, na anayelaumiwa ni yeye. Ukitaka kumkaripia, sema "acha". Jina libaki neno la heri.

Mbwa wana uwezo kuliko tunavyowafikiria. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, walionyesha mwaka 2019 kwamba mbwa hutambua jina lake hata watu wengine wanapozungumza kwa kelele pembeni. Kwa mbwa wa Majengo sokoni, hiyo ni habari njema.

Sasa tumalizie pale ambapo jina la mbwa linaandikwa kwa wino. Mbwa akitimiza miezi mitatu anapaswa kuchanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, na kurudiwa kila mwaka. Katika kadi ya chanjo huandikwa jina la mwenye mbwa, rangi, jinsia na umri wa mbwa, na jina lake. Kwa mbwa wengi wa vijijini, hapo ndipo mara ya kwanza na ya mwisho jina lao kuandikwa popote.

Na hapo pia Uskoti upo. Kwa miaka mingi wataalamu wa Chuo Kikuu cha Glasgow, akiwamo Profesa Sarah Cleaveland, wamefanya kazi na wenzao wa Tanzania, wakiwamo wa Taasisi ya Afya ya Ifakara, kuchunguza namna ya kuukomesha ugonjwa huu kuanzia vijiji vinavyoizunguka Serengeti. Walichokithibitisha kinaeleweka na kila mtu: mbwa 70 kati ya 100 wakichanjwa, ugonjwa unakosa pa kupita. Kisiwani Pemba chanjo ya mbwa ilikata mnyororo wake. Hakuna dawa ya kumponya mtu ambaye dalili zimeshaanza, na waathirika wakubwa ni watoto. Kwa hiyo mtu akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo, awe anamjua mbwa au hamjui.

Siku ya kupambana na kichaa cha mbwa duniani ni tarehe 28 Septemba, na halmashauri nyingi huendesha chanjo karibu na siku hiyo. Ulizia kwa ofisa mifugo wa kata yako. Mpeleke mbwa akiwa amefungwa kamba, apelekwe na mtu mzima aliyezoeana naye, asiachiwe mtoto. Ofisa atauliza anaitwa nani. Mtajie kama mnavyomwita nyumbani. Kama ni Angasi, iandikwe Angasi, kwa herufi zetu. Kadi iwekwe pamoja na nyaraka nyingine za nyumba, na mwakani, mkirudi, waanze kwa kumwita jina.